Rambirambi Kwenye Ukurasa wa Duka

Duka la Magauni la Ofelia,
Mtaa wa 26,
Chicago.

19 Oktoba 2024

Mpendwa wifi yangu Hermelinda,

Salamu nyingi zikufikie hapo Jerez, wewe na shemeji Chon na watoto. Natumaini mko wazima. Mama Trini magoti yake yanaendeleaje? Nasikia baridi ya huko imeanza mapema mwaka huu na yeye hataki kuvaa soksi. Mwambie mimi Domitila nasema avae. Akikataa, mwambie nitakuja mwenyewe kumvisha, maana mimi ananiogopa kidogo.

Huku sisi tupo. Mguu wangu wa kushoto unavimba nikisimama sana, na kusimama ndiyo kazi yangu, kwa hiyo tumezoeana. Yesenia mzima, bado yuko mapokezi kwa daktari wa meno, na jioni anakuja kutusaidia dukani. Baba yake, kaka yangu Cuco, anakula, analala, anafungua duka. Ukiniuliza kama mzima nitakwambia hivyo hivyo tu, kwamba anakula na analala. Tangu Februari tulipomzika dada yako Ofelia sijamsikia akicheka kile kicheko chake cha tumboni.

Najua umetununia. Yesenia alikutumia ujumbe kwenye simu, ukasoma, ukanyamaza. Akatuma tena, ukanyamaza tena. Sikulaumu, wifi. Vijana hawa jambo zito wanaliandika kwa maneno matano na kikatuni cha kuomba radhi, na ningekuwa wewe ningenuna zaidi. Ndiyo maana nimekaa na karatasi. Barua hii nampa Bi Chayo, yule jirani yetu muuza tamale za mahindi kwenye toroli, anakuja huko kwa sikukuu na atakukabidhi mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Duka linakwenda vibaya. Nakwambia wazi kwa sababu wewe ni wa nyumbani. Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mwaka mpya kama tunaendelea na mkataba au tunampisha mtu mwingine, na Cuco bado hajampa jibu. Akilifunga hilo duka sijui atashika nini mikononi. Mtu akifiwa na mke bado anabaki na kazi, lakini kwa Cuco kazi na mke vilikuwa chumba kimoja, cherehani mbili zinazotazamana.

Nikueleze tulivyofika hapa, maana nadhani hukuelezwa vizuri.

Zamani magauni ya sherehe ya binti kutimiza miaka kumi na tano yalikuwa yanajitangaza yenyewe. Binti anaingia ukumbini, anazunguka na baba yake ule mzunguko wa kwanza, na akina mama wa meza zote wanaulizana nani kamshonea. Jumatatu wako mlangoni. Kizuri chajiuza, Ofelia alikuwa akisema, na kwa miaka mingi kweli kilijiuza. Siku hizi mama anakaa ndani ya gari lake na simu, anaandika "gauni la kumi na tano karibu nami", na simu inamwonyesha maduka matatu kwenye ramani. Matatu tu, wifi. Ukiwa wa nne ni kama uko kisimani, hata ushone nyota za mbinguni hakuna atakayekuona.

Dada yako alilielewa jambo hili kabla yetu sote. Yesenia alimfundisha mara moja akashika. Jina la duka aliliandika kwenye simu vile vile lilivyo kwenye kibao cha mlangoni, bila kuongeza hata neno. Namba ya simu moja tu kila mahali. Saa za kufungua zilikuwa za kweli, hata Ijumaa Kuu akifunga mapema alikuwa anakwenda kuiambia ile ramani kwanza ndipo anavaa kwenda kanisani. Kila gauni lililotoka alilipiga picha, mama wa binti akikubali akaiweka. Na mtu akiandika neno, zuri au baya, alimjibu siku hiyo hiyo.

Tena alikuwa anawaomba akina mama pale pale kwenye kaunta. "Usinipe nyota tupu, mama. Andika nimekushonea nini. Sema gauni, sema shanga, sema ulitoka wapi." Mimi nikimcheka. Nilimwambia, "Wifi, unaomba sifa kama mtoto aliyemaliza uji." Akanijibu huku ameshika pini mdomoni, "Sifa hazinishibishi. Nataka mtu wa mji wa Cicero akitafuta gauni, anione mimi."

Na walimwona. Tulikuwa wa kwanza katika yale matatu. Lile duka la kona lenye vioo virefu na kiti cha enzi cha kupigia picha lilikuwa chini yetu, na mwenyewe alikuwa akipita hapa anatusalimia kwa meno tu.

Halafu ikaja Februari. Cuco alifunga utepe mweusi mlangoni kama ilivyo desturi, ule mkubwa wa satini, aliukata mwenyewe kwenye kitambaa cha dukani. Watu wakaleta maua na mishumaa wakaweka chini ya dirisha. Lakini unajua Februari ya hapa. Theluji inaanguka, mishumaa inazimika, maua yanaganda, kisha wafagiaji wa jiji wanapita na kubeba kila kitu. Bi Chayo akasimama pale na toroli lake akasema, "Mnahangaika nini na mishumaa? Wekeni kwenye simu. Huko theluji haifiki."

Akafungua ukurasa wa duka kwenye ramani, akaandika, "Pumzika kwa amani Ofelia, malaika wa mtaa huu," akampa nyota tano. Akamfuata muuza matunda. Akamfuata mwalimu wa ngoma wa mabinti. Kabla hata hatujamaliza sala za siku tisa, mtaa mzima ulikuwa umeandika, pamoja na watu ambao hawajawahi kuandika chochote popote. Waliweka picha za jeneza, za shada, za makaburini. Sisi tulilia kwa furaha, Hermelinda. Kila asubuhi Cuco alikuwa anakaa na kahawa yake anawasoma mmoja mmoja, na siku nyingine alinisomea kwa sauti. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamtoa kitandani.

Na wewe ukaandika lako. Walikunyima viza, ukayatazama mazishi kupitia simu ya Yesenia, na simu ikaisha chaji kabla jeneza halijashuka. Sijasahau ulivyotupigia baadaye, tukawa tunasikia pumzi zako tu. Ukaandika: "Dada, sikukuona ukiingia kaburini. Basi nakuja kukulilia kwenye mlango wako." Chini yake ukaweka ile picha ya mlango na utepe mweusi aliyokutumia Yesenia. Hakuna aliyesoma pale bila kufuta macho. Watu wengi sana walibonyeza kwamba wamependa, na kwa sababu hiyo simu ikalipandisha neno lako juu ya mengine yote, na picha yako ikawa ya kwanza kabla ya gauni lolote.

Hatukujua tumefanya nini. Nani angejua? Kwetu mtu akifa unapeleka rambirambi mlangoni kwake, na mlango wa Ofelia ulikuwa ni ule.

Machi ndio mwezi wa akina mama kuja kuagiza. Machi ile duka lilikuwa kimya. Nikasema ni baridi. Aprili nikasema ni lile duka la kona. Mei nikakosa la kusingizia. Siku moja nilikuwa napiga pindo dirishani nikamwona mama na bintiye wa miaka kumi na minne hivi, wamesimama nje. Mama akaitazama simu, akautazama mlango, akaitazama simu tena, akapiga ishara ya msalaba. Nikafungua nikamwambia, "Karibuni ndani, mama, kutazama si kununua."

"Ahsante, tunapita tu," akasema, na tayari alikuwa amemshika mtoto mkono. Walikwenda moja kwa moja kwenye duka la kona. Sikumchukia. Hata mimi nisingempeleka mtoto wa sherehe kwenye nyumba yenye utepe wa msiba, ni nuksi.

Utepe wa mlangoni niliutoa siku ile ile bila kumwomba Cuco ruhusa. Hakunisemesha mpaka Jumapili. Lakini ule wa kwenye simu ulikuwa pale pale.

Kisha wakaanza kuja watu tusiowajua. Bwana mmoja alipiga simu kuuliza kama tuna nafasi ya kulaza maiti Jumamosi. Cuco akamjibu kwa adabu, "Hapa tunashona magauni, mzee," yule bwana akasema, "Najua, na jeneza je?" Mwingine alikuja kununua tepe nyeusi za kufunga milangoni. Tena akaja bibi mmoja, Bi Eduviges, na fimbo yake, anataka ashonewe gauni atakalozikwa nalo, na anataka kulijaribu. Nikampima. Akaniambia, "Kiunoni acha nafasi, mwanangu. Huko niendako sijui watanikalisha au watanilaza, sitaki kubanwa." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka. Alipotoka nikaona Cuco amesimama kwenye pazia la nyuma, na hakuwa anacheka.

Yesenia ndiye aliyetufumbua macho. Alikaa na simu jioni moja akasema, "Shangazi, hii ramani haina akili ya mtu. Inasoma maneno. Watu wameandika marehemu, mazishi, pumzika, kaburi, basi yenyewe inaona hiyo ndiyo biashara yetu. Mtu akitafuta gauni la sherehe inamwonyesha duka la kona. Mtu akitafuta mambo ya mazishi inatuleta sisi."

"Basi yafute," nikamwambia.

"Mwenye duka hafuti. Anayefuta ni yule aliyeandika. Sisi tunaweza kujibu tu."

Yule mtoto alifanya yote aliyoweza. Aliandika upya kazi ya duka, akaongeza picha mpya za magauni, akarekebisha saa za kufungua, akawajibu wote walioandika tangu mama yake afe. Tulipanda kidogo tukarudi chini. Akasema tuwaombe watu wafute. Hapo Cuco akapiga meza. Sijamsikia akimpigia kelele binti yake tangu azaliwe, lakini siku ile alimwambia, "Mama yako nimeshamzika mara moja. Hamtanizikia mara ya pili." Yesenia akaondoka analia, na wiki nzima akawa anaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Nami nilikuwa katikati, namletea huyu chai, yule nampelekea salamu za uongo kutoka kwa baba yake.

Tukakaa hivyo mpaka Septemba.

Mchana mmoja akaingia mwanamke peke yake. Mama akija peke yake mara nyingi ni heri, anataka kuona kwanza kabla binti hajapenda gauni la kumtoa roho. Nikainuka na futi shingoni, nimefurahi kweli. Nikamuuliza binti yuko wapi tumpime kabisa.

"Hawezi kuja," akasema.

"Shule, eh? Basi mlete Jumamosi, Jumamosi tunachelewa kufunga."

Akafungua mfuko akatoa sweta ya shule, akailaza juu ya kaunta, akainyoosha mikono yote miwili vizuri. "Pimeni hii. Alikuwa anaivaa juzi juzi tu. Inamtosha."

Mdomo wangu huu, Hermelinda, umeniponza mara nyingi, lakini si kama siku ile. Nikavua futi shingoni. Binti aliitwa Itzel. Angetimiza kumi na tano mwezi ujao huu wa Novemba. Ukumbi walikuwa wameshauchukua, na wasindikizaji wake wote walikuwa wameanza mazoezi ya ngoma. Alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni na wao hawakujua. Mama yake aliyasema hayo bila kulia, kama anayemtajia mtu anwani.

Akasema, "Niliandika kwenye simu gauni la kumzikia binti, ikaniletea ninyi. Nikaona ile picha ya utepe mlangoni, nikasoma yule dada alivyoandika. Nikajiambia hawa wataelewa."

Yule dada ni wewe, wifi. Nakuambia kwa sababu ni haki yako kulijua. Neno lako ndilo lililomleta kwetu.

Cuco alitoka nyuma ya pazia. Tangu mkewe afe alikuwa anapiga pasi na kushona marinda ya ndani tu, mkasi hakuugusa. Akaichukua ile sweta, akaipima mabega, akapima mkono, akaandika. Akamuuliza, "Alikuwa anataka rangi gani?"

"Tulikuwa hatujaelewana. Yeye alitaka bluu. Mimi nilimwambia bluu itamfanya aonekane mkubwa, achukue waridi. Tulikuwa bado tunagombana."

"Basi bluu," Cuco akasema.

Yule mama ndipo alipolia. Nilizunguka kaunta nikamshika, na mambo ya bei hakuna aliyeyataja, si siku ile wala baadaye. Cuco alikata kitambaa jioni ile ile. Alishona na mimi nikapiga pindo na kutunga shanga, kifua chote, kama ambavyo Ofelia angefanya. Hatukupunguza kitu. Nilifikiri mara moja kumwambia mgongoni hapaonekani, tusijisumbue na vifungo, nikamwangalia usoni nikafunga mdomo wangu. Vifungo vyote vilishonwa.

Mama alipolichukua na kuondoka, Cuco alikaa kwenye kiti cha mkewe. Hakuwa amekikalia tangu Februari. Akaniambia, "Tila, Ofelia alikuwa anashona magauni ya kuchezea. Hili la leo nimelishona kwa moyo wote, lakini sitaweza jingine. Akija mwingine na sweta mkononi nitakufa mimi. Nenda kawaambie watu wafute."

Akamwita Yesenia kwa simu akamwomba radhi. Sikusikiliza walichosema, nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Basi nikaanza kazi ambayo simwombei adui yangu, kwenda mlango kwa mlango kuwaambia watu wachukue pole zao. Bi Chayo alinitolea macho. "Rambirambi si bakuli, Domitila. Mtu hakuletei umrudishie." Nikamweleza habari za duka, kisha nikamweleza habari za ile sweta. Akajifuta mikono kwenye aproni, akachukua simu, akafuta. Hapo hapo akaandika jingine, kwamba Ofelia na Cuco walimshonea binti yake gauni la manjano lenye shanga mabegani, na kwamba alicheza nalo mpaka viatu vikamshinda. Akaweka na picha.

Wengine wakafanya vile vile. Wapo waliosahau neno la siri, Yesenia akakaa nao jikoni kwao mpaka likapatikana. Wapo walionijibu vibaya, mmoja akaniambia ninauza msiba wa wifi yangu. Nilimwacha aseme, nikarudi kesho yake, akafuta. Na unajua, walipoanza kuandika magauni badala ya kaburi, nikasoma mambo ya dada yako ambayo sikuyajua. Kuna mama alikuwa hana kitu mwaka ule, Ofelia akamshonea binti yake kwa mapazia na hakumwambia mtu hata mimi niliyekuwa nakaa naye siku nzima. Nimelia kwa hayo kuliko nilivyolia kwa yale ya mwanzo.

Tumeanza kupanda. Bado hatujaingia kwenye yale matatu, Yesenia anasema tupo mlangoni. Wiki iliyopita waliingia mabinti wawili, mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, akajizungusha mbele ya kioo mpaka akaangusha sanduku la pini. Nilimkemea, halafu nikamwambia azunguke tena.

Lako ndilo lililobaki juu, wifi. Lako na ile picha. Kila anayelifungua duka kwenye simu anakutana nalo kwanza.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua fupi tu ya kukuomba. Lakini juzi Yesenia alikuja na simu yake akaiweka mezani kati yangu na baba yake. Yule mama wa Itzel ameandika. Ametoa nyota tano, na ameandika hivi: "Walimshonea binti yangu gauni la kumzikia. Bluu. Lilimkaa vizuri."

Yesenia akasema polepole, "Baba, na hili ni la mazishi."

"Hilo liache," Cuco akasema.

Nikamuuliza Yesenia litatuharibia kiasi gani. Akaniambia likiwa peke yake katikati ya magauni mengi halitatuzamisha. Yakiwa mawili, na ule utepe mweusi ukiwa juu, ramani itaendelea kutuletea wafiwa, na mwaka mpya utatukuta hivi hivi. Pana nafasi ya moja tu, Hermelinda.

Najua ninachokuomba. Hukupata kaburi la kusimama wala udongo wa kutupa, ulipata ukurasa ule, na leo mimi nakwambia uondoke hata pale. Nimepiga hodi kwenye kila mlango wa mtaa huu kuomba jambo hili, na mlango wa yule mama sitaupiga hodi, hata duka likifungwa. Kwa hiyo nimekuja kwako. Wewe dada yako ulikuwa naye tangu anakubeba mgongoni mpaka akaota mvi. Yule mama, binti yake hakufika hata miaka kumi na tano. Mwachie yeye nafasi, wifi.

Nisalimie sana Mama Trini na magoti yake, shemeji Chon, na watoto wako Nieves na Rutilio. Cuco anawasalimu wote, na Yesenia anamwomba mama yake mdogo radhi kwa ule ujumbe. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape mavuno na usingizi mwema, na Ofelia wetu ampumzishe kwa raha kuliko alivyopumzika hapa.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda ukicheka na ukinuna,

Domitila